Kusoma nyaraka na vitabu adimu katika maktaba kongwe za vyuo vya Uganda: mwongozo kamili

Kila muhula kuna mwanafunzi anayeniuliza swali lile lile: "Mwalimu, kwani sisi Waganda Kiswahili tulikikataa kwa nini?" Majibu ya mtaani huwa anayo tayari. Lugha ya askari wa Amin. Lugha ya wezi. Lugha ya watu wa pwani. Nikimwambia kwamba ugomvi wenyewe ulipamba moto kuanzia 1927, Amin akiwa bado mtoto mdogo, na kwamba uliendeshwa kwa barua na nyaraka za gavana, maaskofu na mfalme wa Buganda, Kabaka mwenyewe, anabaki kunitazama. Nikiongeza kwamba karatasi za enzi hizo bado zipo kwenye makasha, umbali wa safari moja ya teksi, anataka kwenda leo hii.

Hapo ndipo ninapomwomba akae kwanza. Nimeona vijana wengi wakipanda kilima cha Makerere asubuhi na kushuka jioni mikono mitupu, na kila mara kosa ni lile lile: waliingia wakaomba "kitu chochote kuhusu Kiswahili", kama mtu anayeandika neno kwenye Google. Nyaraka za kale hazikupangwa kwa mada. Zimepangwa kwa kufuata aliyeziandika, aliyezipokea na aliyezitunza. Ukilishika hilo, kazi yote inabadilika. Katika mwongozo huu nitatembea na swali la Kiswahili tangu mwanzo. Wewe weka swali lako mahali pake, liwe ni shamba la babu, shule uliyosoma au kanisa la kijijini kwenu.

Hatua ya kwanza: jua nani anatunza nini

Anza na Makerere. Ilianza 1922 kama shule ya ufundi, ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya London mwaka 1949, ikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, ikasimama peke yake 1970. Tarehe hizi zikariri, zitakufaa ukiwa na kitabu mkononi: muhuri uliogongwa ndani ya jalada hubeba jina la chuo la wakati ule, kwa hiyo unakuonyesha kitabu kiliingia maktabani katika kipindi gani.

Ndani ya Maktaba Kuu ya Makerere, unachokitafuta ni sehemu ya Africana, yaani ya machapisho yanayohusu Afrika. Tangu 1958 sheria iliipa maktaba hii haki ya kupokea nakala ya machapisho ya nchini, ndiyo maana utakuta humo ripoti za serikali, vijitabu vya vyama na magazeti ambayo kwingine yalifungiwa karanga zamani. Zipo pia karatasi za watu binafsi. Zinazojulikana zaidi ni za Sir Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda tangu 1889 hadi 1926, mtu aliyechapisha historia ya wafalme wa Buganda kwa Kiganda mwaka 1901. Makerere si chumba kimoja, wala usiishie Maktaba Kuu. Taasisi ya Utafiti wa Jamii, MISR, ina maktaba yake. Kule Mulago, maktaba ya tiba iliyopewa jina la Albert Cook inatunza karatasi za daktari huyo aliyefungua hospitali ya Mengo 1897.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kupanda kilima hicho. Ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930 kusanifisha lugha hii unayoisoma sasa, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndipo ikahamia pwani na hatimaye Dar es Salaam, ambako mrithi wake leo ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Watu wengi wanaokula rolex, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya chini ya kilima hawajui kwamba juu yao, kwa takriban miaka kumi, ndipo lilipokuwa jiko la Kiswahili sanifu. Mimi nilipolijua nilikuwa nimeshafundisha miaka kadhaa, na bado linanisisimua.

Kisha nenda Mukono, karibu kilomita 20 mashariki mwa Kampala kwa barabara ya Jinja. Chuo cha teolojia cha Bishop Tucker kilianza pale 1913, na tangu 1997 ndicho Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Humo mnatunzwa nyaraka za Askofu wa Uganda: barua, kumbukumbu za vikao, mambo ya shule, ardhi na ndoa. Kwa sababu shule nyingi za mwanzo zilikuwa mikononi mwa makanisa, nyaraka hizi zina mengi ya elimu kuliko wengi wanavyotarajia.

Nje ya vyuo hivi viwili, Hifadhi ya Taifa ya nyaraka ilikaa Entebbe kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Kampala. Maktaba ya Uganda Society iko kwenye jengo la Makumbusho. Huko Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichukua nyaraka za wilaya ya Kabarole na kuzitia kwenye kompyuta. Ikiwa swali lako ni la Toro, usipoteze nauli ya kuja Kampala kabla ya kuuliza pale.

Hatua ya pili: geuza swali kuwa majina, vyeo na miaka

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mkutubi hawezi kukuletea "sababu za kukataliwa kwa Kiswahili". Anaweza kukuletea barua za askofu fulani za miaka fulani. Kazi ya kuvuka kutoka la kwanza hadi la pili ni yako, na inafanyika nyumbani, kwa penseli na karatasi.

Tuifanye pamoja. Nani alitaka Kiswahili? Gavana William Gowers, aliyetawala 1925 hadi 1932, ndiye aliyetoa waraka wa 1927 wa kutaka Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala. Kwa hiyo andika: ofisi ya gavana, idara ya elimu, 1927. Nani alipinga? Kabaka Daudi Chwa alitoa waraka wake wa kupinga mwaka 1929. Andika: serikali ya Mengo, yaani ya Buganda, Kabaka, 1929. Shule zilikuwa chini ya nani? Makanisa. Askofu Mwanglikana wa Uganda wakati huo alikuwa J. J. Willis, tangu 1912 hadi 1934. Andika: barua za Askofu Willis na serikali, mambo ya elimu, 1926 hadi 1931. Sasa una milango mitatu badala ya neno moja.

Halafu jiulize: miaka hiyo kulikuwa na jambo gani jingine linaloendelea? London ilikuwa inafikiria kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja. Mengo iliogopa kumezwa na walowezi wa Kenya, na lugha moja ya Afrika Mashariki yote ilionekana kama kamba ya kufungia mzigo huo. Mwaka 1931 wajumbe kutoka Uganda, Serwano Kulubya akiwemo, walikwenda London kutoa ushahidi wao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Ina maana kwamba barua nzito kuhusu Kiswahili inaweza kuwa ndani ya faili ambalo juu yake hakuna neno Kiswahili hata mara moja; juu yake limeandikwa jambo la muungano. Usipojua hili, faili linapita mbele yako.

Mwisho, rudi nyuma kizazi kimoja. Alexander Mackay, mmishenari fundi aliyefika Buganda 1878, alitamani Kiswahili kiwe lugha ya eneo zima. Askofu Alfred Tucker, yule yule ambaye chuo cha Mukono kilibeba jina lake, alilipinga wazo hilo waziwazi katika kitabu chake cha 1908. Kwa hiyo mtafiti wa Kiswahili anasoma katika nyumba iliyopewa jina la mtu asiyekitaka. Mimi hulitaja hili kwa wanafunzi kila mara, kwa sababu linaonyesha swali letu lina mizizi mirefu kuliko 1927.

Hatua ya tatu: maliza vilivyochapishwa kwanza

Kasha usiliombe kabla ya kusoma vitabu na makala. Uganda Journal ilianza kutoka 1934 na ni hazina. Soma tanbihi zake kuliko hata makala zenyewe, maana mwandishi aliyekutangulia amekuandikia namba za faili alizosoma. Zinakili zote. Namba zingine zimebadilika tangu hapo, lakini hata namba ya zamani humsaidia mhifadhi kukumbuka kitu kiko wapi.

Hatua ya nne: piga simu, andika barua

Usitokee tu. Piga simu siku kadhaa kabla, uulize mambo manne: sehemu ya nyaraka inafunguliwa saa ngapi, mgeni anahitaji barua gani, kuna ada gani ya kusoma na ya kunakili, na je, nyaraka unazozitaka zipo chumbani au zimepelekwa kutengenezwa. Wanafunzi waende na barua ya utambulisho kutoka idarani pamoja na kitambulisho. Anayetoka nje ya Uganda aanze mapema na kibali cha utafiti cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kwa sababu kinachukua muda na taasisi nyingi hukiomba.

Barua yako iwe fupi. Taja swali kwa sentensi mbili, kisha yale majina, vyeo na miaka ya hatua ya pili. Nimewahi kuandikiana na mhifadhi mmoja aliyeniambia kwamba barua ya namna hiyo humwezesha kutafuta kabla hujafika, wakati ile ya kurasa tatu za nadharia huiweka pembeni.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Nenda na penseli mbili, kichongeo, daftari, simu yenye nafasi ya picha, na pawabanki, maana umeme haukuulizi. Kalamu ya wino iache begini. Begi lenyewe litabaki kaunta, pamoja na maji na chakula.

Msalimie anayekuhudumia kabla ya kuomba kitu. Naona haya hata kuliandika, lakini nimeona watu wakitupa fomu juu ya meza bila hata "habari za asubuhi". Mzee au nnyabo, kama Waganda wanavyomwita mama, aliyekaa na makasha hayo miaka ishirini anajua mambo ambayo katalogi haina: faili gani liliungana na jingine, kasha gani lina karatasi zisizoorodheshwa. "Nnyabo, natafuta barua za askofu na serikali kuhusu shule, kama 1928 hivi. Wewe ungeanzia wapi?" Swali hilo moja limeniokolea siku nzima zaidi ya mara moja.

Omba orodha ya mkusanyiko kabla ya kuomba kasha. Isome yote, hata kurasa zinazoonekana hazikuhusu, ili uone nyumba imejengwaje. Sehemu zingine bado zinatumia kadi kwenye visanduku vya mbao. Kadi hizo zina maelezo ya mkono ambayo hayakuhamia kwenye kompyuta, kwa hiyo angalia kotekote.

Hatua ya sita: mikono yako

Watu wengi wanaamini kitabu cha kale hushikwa kwa glavu nyeupe, kama kwenye filamu. Kwa karatasi, hapana. Glavu ya pamba huzipa vidole upofu. Ukingo wa ukurasa hunasa kwenye nyuzi na karatasi iliyokauka huchanika kabla hujahisi. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, na asubuhi hiyo usipake mafuta mikononi. Glavu ni za picha na negativu, kwa sababu alama ya kidole juu ya picha haifutiki.

Kitabu kizee usikilaze wazi kama mkeka. Mgongo wake umeshikwa na gundi na uzi wa miaka mia, ukiukandamiza unapasuka. Omba mito ya kuegemeza pande zote mbili, kifunguke kwa pembe kinayoiweza chenyewe. Ukurasa ugeuze kwa kushika kona ya juu, polepole, kiganja kikiupokea upande wa pili. Usilambe kidole. Usiegemeze kiwiko. Usiandike kwenye daftari lako ukiwa umeliweka juu ya waraka, maana ncha ya penseli huacha mfereji chini.

Magazeti ndiyo maskini kuliko vyote. Munno la Wakatoliki lilianza 1911, Ebifa mu Buganda 1907, na karatasi ya magazeti ya aina hiyo ni ya mbao iliyosagwa, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi inayoila yenyewe. Inageuka rangi ya chai, na ukiikunja kona inakatika kama chapati ya juzi. Ikiwa kuna maikrofilamu au nakala ya kompyuta, soma hiyo, hata kama inachosha macho.

Kuna siku nilifungua barua ambayo maneno yalikuwa yamegeuka kuwa matundu. Mwandishi alikuwa na mkono mzito, na wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma una tabia ya kuila karatasi pale ulipokolea. Herufi zenye mikunjo minene zilikuwa zimedondoka, vipande vidogo kama chembe za majani ya chai vikiwa chini ya bahasha. Nilichofanya, na ndicho nawe ufanye, ni kuacha kugusa, kuinua mkono na kumwita mhifadhi. Chembe zile hazipulizwi. Ni za waraka.

Pini zenye kutu usizichomoe mwenyewe. Karatasi usizipange upya hata kama unaona tarehe zimepinduka, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi: huenda karani aliweka barua ya Machi nyuma ya ile ya Juni kwa kuwa moja ilijibu nyingine. Kilichochanika usikitie selotepu. Gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi na haitoki tena.

Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kuvu huanza kuota. Ukifungua kasha ukapata harufu kali ya uvundo, au ukaona unga wa kijani au mweupe juu ya kurasa, funga taratibu na uripoti. Kuvu huenda kwenye mapafu yako na kwenye kasha la jirani. Ukiona njia nyembamba za udongo kwenye mguu wa rafu, ripoti saa hiyo hiyo. Mchwa hawasubiri Jumatatu.

Hatua ya saba: kusoma kilichoandikwa

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza, na hawana sababu. Mwandiko wowote unazoeleka baada ya kurasa kumi. Chagua barua ndefu ya mtu unayemtafuta, nakili aya moja herufi kwa herufi, uone anavyoandika "r" yake na "s" yake. Aya ya tatu utaisoma bila kusimama.

Barua zilizotumwa mara nyingi zilinakiliwa kwenye vitabu vya karatasi laini, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana mbele. Omba karatasi nyeupe safi, iteleze chini ya ukurasa unaousoma. Maneno yanajitokeza papo hapo. Ni jambo dogo, lakini bila hilo nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu kwamba faili zima "halisomeki".

Tafuta kila jina kwa sura zake zote. Tahajia ya Kiganda ilisanifishwa 1947, kwa hiyo Kagwa na Kaggwa ni mtu mmoja, Mengo na Mmengo ni mahali pamoja. Wazungu wa mwanzo walifika na watu wa pwani na kuandika majina kama walivyoyasikia kutoka kwao: Unyoro, Usoga. Jina Uganda lenyewe ni Buganda lililopita kwenye ulimi wa Mswahili. Lugha yetu utaikuta kama Suaheli, Swahili au Ki-Swahili, na neno hilo ni mtego mwingine: katika karatasi nyingi za kale "Mswahili" si mzungumzaji wa lugha tu, anaweza kuwa Mwislamu yeyote, mfanyabiashara wa pwani au mpagazi. Kabla ya kuhitimisha kwamba barua inaichukia lugha, soma kama haizungumzii watu au dini.

Saa nazo ziangalie. Kiganda, kama Kiswahili, huhesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo kikao cha saa nane katika kumbukumbu za Kiganda ni cha mchana, si cha asubuhi. Na ukikutana na ukurasa wa herufi za Kiarabu usiupite. Huenda ni Kiswahili. Piga picha kwa ruhusa, upeleke kwa shehe au mzee anayesoma hati hizo. Kibuli na Bombo wapo.

Katika mafaili ya serikali, usikimbilie barua. Mbele mara nyingi kuna kurasa ambazo maofisa walikuwa wakiandikiana wao kwa wao, mmoja akitia maoni, mwingine akijibu kwa mistari miwili na herufi za jina lake. Humo hawakuwa wanampamba mtu. Barua rasmi inasema "serikali inaheshimu maoni ya Kabaka". Maoni ya pembeni yanaonyesha walivyomfikiria kweli.

Tena kumbuka barua ina ncha mbili. Alichoandikiwa askofu kimebaki kwa askofu. Alichowaandikia wakubwa wake wa CMS, chama cha wamishenari wa Kianglikana, kilisafiri, na nyaraka za CMS sasa ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ukisoma ncha moja tu, andika wazi kwamba umesoma ncha moja.

Hatua ya nane: picha na rejea

Ukipewa ruhusa ya kupiga picha, zima mmweko. Picha ya kwanza iwe ya kibandiko cha kasha, ya pili iwe ya jalada la faili, ndipo uanze kurasa. Ukibadilisha faili, rudia. Nyuma ya karatasi nako piga, hata kama panaonekana patupu.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilipiga picha zaidi ya mia mbili kwa siku moja, kwa furaha, bila kibandiko hata kimoja. Nilipofika nyumbani nilikuwa na barua nzuri ajabu ya mwalimu mmoja wa shule ya kijijini akieleza namna wazazi walivyolipokea somo la Kiswahili, na sikujua imetoka kasha lipi. Nilirudi mara mbili. Sikuiona tena. Barua hiyo sijaweza kuitumia mpaka leo, kwa sababu ushahidi usioweza kuonyeshwa mahali ulipo ni hadithi tu.

Kwa hiyo kwa kila waraka andika: taasisi, mkusanyiko, namba ya kasha, namba ya faili, nani kwa nani, tarehe. Jioni hiyo hiyo hamisha picha mahali pengine pawili. Jengo Kuu la Makerere liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, na likatufundisha kwamba nyumba iliyosimama miongo minane inaweza kuwaka kwa usiku mmoja.

Hatua ya tisa: kisichomo kwenye kasha

Baada ya wiki utaanza kuona waliokosekana. Katika ugomvi wa 1927 utasikia gavana, askofu, Kabaka. Hutasikia kwa urahisi Wanubi wa Bombo, wazao wa askari waliotoka Sudan, ambao Kiswahili kilikuwa mdomoni mwao kila siku kambini, wala wanawake wa sokoni, wala wapagazi. Karatasi zilitunzwa na wenye ofisi. Njia ya kuziba pengo ni kuwatafuta watu hao kwenye karatasi zisizowahusu: daftari la mishahara, kesi ya mahakama ya mwanzo, orodha ya wabatizwa, malalamiko ya kodi. Halafu toka nje, uende kwa wazee na kinasa sauti.

Kuhusu haki: kwa sheria ya 2006, haki miliki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kusoma na kunukuu kwa utafiti ni jambo moja, kuchapisha picha ya waraka mzima ni jingine. Omba ruhusa kwa maandishi. Karatasi za wagonjwa, kesi za ndoa na za watoto zina wajukuu walio hai. Ficha majina hata kama hakuna aliyekulazimisha.

Na karatasi zilizo kwenu

Kila ninapomaliza kufundisha hatua hizi, mtu hunyanyua mkono na kusema bibi yake ana sanduku chini ya kitanda. Basi hili ni lenu.

Biblia nzima ya Kiganda, iliyotafsiriwa na George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, ilikamilika 1896. Toleo moja la mwanzo lilichapwa kwa umbo la ajabu, fupi na nene, ili liingie ndani ya kopo la biskuti, kwa sababu kopo ndilo lililowazuia mchwa. Wasomaji wa kwanza wa nchi hii waliijua hifadhi ya vitabu kabla hatujawa na neno lake.

Kopo bado linafaa, ila liwe kavu na lisilo na kutu, na lisikae sakafuni wala kugusa ukuta. Toa pini na klipu zilizo mpya; zenye kutu zilizoshika karatasi ziache. Barua zifungue mikunjo yake, zilaze bapa ndani ya bahasha za karatasi nyeupe, usizitie kwenye mifuko ya plastiki, kwa sababu unyevu unanaswa humo na kuvu hufuata. Gazeti usilifungie kitu, asidi yake huhamia. Picha usizigandishe kwenye albamu za gundi. Nyuma ya kila picha, pembeni, kwa penseli laini, andika majina, mahali na mwaka, na uandike bibi akiwa amekaa karibu yako anakutajia. Usilaminishe hati ya shamba. Fungua kopo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa kila kiangazi, ulinuse, uangalie pembe zake, ulifunge.

Ukitaka kuzikabidhi kwa chuo, nenda kwanza bila karatasi, ukiwa na orodha. Uliza zitawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuzisoma, na kama familia itapewa nakala. Wakikubali, dai makubaliano yenye sahihi za pande zote mbili, na orodha yako ibandikwe ndani ya kasha pamoja na jina la bibi, ili atakayelifungua baadaye ajue lilitoka mikononi mwa nani.